Shokapu za Veni ya Fo-wili: Pima Kwanza, Kampuni Baadaye

"Shokapu zimekufa, nichukue kampuni gani?" "Za gesi au za oili?" "Nikifunga ngumu zaidi, gari litabeba mzigo zaidi?" "Za ile veni ya kawaida zitaingia kwenye yangu ya fo-wili?" Maswali haya hayaishi, na karibu kila anayeuliza anataka atajiwe jina la kampuni aende dukani. Jina peke yake halitakusaidia. Kwanza jua veni yako hubeba uzito gani siku nyingi, springi zake ni za aina gani na ziko katika hali gani, na shokapu inatakiwa iwe na urefu gani ikibanwa na ikinyooka. Ukishayajua hayo, orodha ya kampuni inajipunguza yenyewe. Usipoyajua, hata shokapu ya bei ya juu kuliko zote dukani inaweza kuvunjika mapema, kwa sababu tu ni fupi au ni ndefu kwa gari lako.

Mwongozo huu ni kwa mwenye Toyota Hiace, Mitsubishi Delica, Nissan Caravan au veni nyingine ya kundi hilo yenye mfumo wa fo-wili, anayetaka kubadilisha shokapu kwa mara ya kwanza.

Nadharia ni moja tu. Springi ndiyo inayobeba gari. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya shimo au tuta: pistoni yake inasukuma oili ipite kwenye vitundu vidogo, na nguvu ya mtikisiko inageuka kuwa joto. Kwa hiyo kama veni yako imelala upande wa nyuma, dawa yake iko kwenye springi, na hakuna shokapu ya kawaida itakayoinyanyua.

Andaa vitu hivi

- Namba ya chesisi na kodi kamili ya modeli (zile herufi na namba zinazotambulisha aina ya gari), kutoka kwenye kibati cha gari. Jina la gari na mwaka havitoshi.
- Futi ya kupimia, na kalipa (kifaa cha kupimia unene na kipenyo) kama unaweza kuipata.
- Jeki mbili, stendi imara mbili na vizuizi vya tairi.
- Brashi ya waya na mafuta ya kulegeza kutu.
- Spana na soketi. Ukipata spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, vizuri zaidi.
- Grisi kidogo, daftari na kalamu.

Hatua ya 1: Hakikisha ugonjwa ni shokapu kweli

Pita kila tairi, chuchumaa, uitazame shokapu kuanzia juu. Unyevu mwembamba ulioshika vumbi karibu na sili, ule mpira unaozuia oili isitoke, ni jambo la kawaida, maana rodi (chuma kinachoingia na kutoka kwenye bomba) hutoka na utando wa oili kila inapopanda na kushuka. Oili iliyotiririka mpaka nusu ya bomba au kudondoka chini ni shokapu iliyokwisha. Kisha pitisha kiganja juu ya tairi kuizunguka. Ukihisi mabonde na vilima, yaani sehemu zilizoliwa na nyingine zilizobaki, gurudumu limekuwa likirukaruka barabarani bila kutulizwa.

Dalili nyingine utazipata ukiendesha: pua inazama sana ukishika breki, gari linayumba baada ya kona, nyuma inaendelea kupanda na kushuka baada ya tuta.

Onyo: kile kipimo cha kukandamiza kona ya gari kwa mikono na kuhesabu inaruka mara ngapi, usikitegemee kwenye veni. Springi zake ni ngumu, na zile za nyuma za vyuma bapa vilivyopangana zina msuguano wao wenyewe unaotuliza gari likiwa limesimama. Utaambiwa shokapu ni nzima kumbe zimekufa. Na milio ya kugonga mara nyingi hutoka kwenye bushi (vile vipande vya mpira kwenye maungio) za mikono ya chuma inayoshikilia magurudumu, boljointi au bushi za springi, basi vikague hivyo kabla ya kutoa pesa.

Hatua ya 2: Ijue veni yako ilivyofungwa chini

Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Veni ya fo-wili na ya kawaida zinaweza kufanana kabisa kwa juu na zikawa tofauti kabisa chini. Ya fo-wili mara nyingi huwa juu zaidi, ina difu ya mbele, na ina shafti za kuzungusha magurudumu zinazopita karibu na shokapu za mbele. Muuzaji akikuuliza jina la gari tu kisha akakuletea boksi, mrudishe kwenye kodi ya modeli.

Kisha tambua mfumo wenyewe. Hiace za kizazi cha H200 zina tosheni baa mbele, yaani fito za chuma zinazojipinda badala ya springi za koili, na nyuma zina springi za vyuma bapa. Delica Space Gear, ile ya L400, ina tosheni baa mbele na springi za koili nyuma. Delica D:5 ni habari nyingine: mbele ina strati, ambapo shokapu na springi ya koili ni kitu kimoja, na shokapu yenyewe ndiyo inayoshikilia gurudumu lisimame wima.

Kama yako ina strati, hatua za vipimo hapa chini zitakuhusu kwa nyuma tu. Kwa mbele fuata namba ya spea ya gari lako bila kubuni. Springi ya strati isifunguliwe kienyeji. Imebanwa kwa nguvu inayoweza kuua mtu. Kazi hiyo ina kifaa chake maalumu, mpelekee fundi aliye nacho. Ukimaliza, pima alaimenti, yaani mpangilio wa magurudumu.

Hatua ya 3: Andika uzito wa siku nyingi

Usiandike mzigo wa safari moja ya mwaka. Andika hali ambayo gari liko siku nyingi. Veni inayotembea tupu na dereva peke yake, veni ya abiria inayojaa na kushusha mchana kutwa, na veni iliyojengwa kitanda, makabati, betri za ziada na tangi la maji ni magari matatu tofauti kwa shokapu, hata kama yametoka kiwandani siku moja. La tatu hubeba uzito wake usiku na mchana, halishushi kamwe.

Ukipata mizani ya magari, pima ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Namba hizo mbili zitakusaidia kuliko maelezo yote ya muuzaji. Na zilinganishe na kikomo kilichoandikwa kwenye kibati. Ukishazidisha kikomo hicho, shokapu ngumu haikupi ruhusa ya kubeba. Chesisi, breki na ekseli bado ni zile zile.

Hatua ya 4: Kagua springi kabla ya kupima chochote

Egesha kwenye usawa. Pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa bodi, pande zote nne. Kushoto na kulia zikitofautiana sana, kuna springi iliyochoka au iliyovunjika. Tazama pia mpira wa kugotea, ule unaozuia ekseli au mkono wa mbele usigonge chesisi. Mpira uliopasuka au unaong'aa kwa kuguswa kila mara unakuambia springi zimelala.

Tengeneza springi kwanza, au angalau amua utaweka zipi. Vipimo vya shokapu vilivyochukuliwa kwenye gari lililolala ni vipimo vya gari lingine, kwa sababu ukishabadilisha springi urefu wote unahama.

Hatua ya 5: Pima urefu

Hii ndiyo hatua inayorukwa na watu wengi, na ndiyo inayoua shokapu nyingi. Kila shokapu ina urefu wa aina mbili: ikibanwa kabisa na ikinyooka kabisa. Ikiwa ndefu mno ikibanwa, kwenye shimo kubwa itafika mwisho kabla ekseli haijagusa mpira wa kugotea. Pistoni itagonga chini, na uzito wote wa gari utapita kwenye rodi na kwenye mabano yake. Ikiwa fupi mno ikinyooka, kila gurudumu linaponing'inia shokapu itavutwa mpaka mwisho wake na kuanza kung'oka kwenye sili.

Kwa nyuma fanya hivi:

1. Weka vizuizi kwenye tairi za mbele. Gari likiwa limesimama kwa uzito wake wa kawaida, pima kutoka katikati ya bolti ya juu ya shokapu hadi katikati ya bolti ya chini. Andika.
2. Inua gari, weka stendi chini ya chesisi, na shikilia ekseli kwa jeki. Fungua shokapu zote mbili za nyuma.
3. Shusha jeki pole pole mpaka ekseli ining'inie, huku ukitazama hosi ya breki. Hosi ikianza kukaza, simama hapo. Pima tena kati ya bolti na bolti.
4. Pandisha ekseli kwa jeki mpaka mpira wa kugotea uguse. Chesisi ikianza kunyanyuka kwenye stendi kabla mpira haujagusa, springi ni ngumu kuliko uzito uliopo: acha mara moja. Badala yake, gari likiwa chini, pima nafasi iliyopo kati ya mpira na mahali unapogonga, kisha itoe kwenye kile kipimo cha kwanza.

Tuseme umepata milimita 440 gari likisimama, 530 ekseli ikining'inia, na 365 mpira ukigusa. Mpira wenyewe hubonyea, kwa hiyo shokapu unayoitaka lazima iweze kufika chini ya 365, kama milimita 340 hivi. Juu iweze kufika 530 na kidogo zaidi, tuseme 540. Hizo mbili, 340 na 540, ndizo namba za kwenda nazo dukani. Kampuni nyingi zimeziandika kwenye katalogi zao, na muuzaji asiyezijua anaweza kukuruhusu upime shokapu yenyewe.

Zingatia jambo moja kwa gari lenye springi za koili nyuma. Kwenye magari mengi ya namna hiyo, shokapu ndiyo inayozuia ekseli isishuke kupita kiasi. Ukifunga ndefu mno, siku gurudumu likining'inia hosi ya breki itavutwa na koili inaweza kuchomoka mahali pake. Usizidishe urefu wa kunyooka wa kiwandani mpaka uhakikishe hosi na koili vina nafasi.

Kwa mbele penye tosheni baa, kuna dhana potofu inayowagharimu watu: kwamba ukikaza tosheni baa ili gari lipande, unahitaji shokapu ndefu. Sivyo. Mkono una kizuizi chake juu na chini, na vizuizi hivyo havihami unapokaza. Unachofanya ni kusogeza mahali mkono unapokaa, ukiwa karibu zaidi na kizuizi cha chini. Urefu unaotakiwa ni ule ule wa kiwandani, na kuzidisha kukaza kunaleta shida nyingine: gari linagonga kila linapopanda, na shafti za mbele zinafanya kazi kwa pembe kali mpaka jointi zake zife.

Hatua ya 6: Ncha na unene

Tazama kila mwisho wa shokapu. Kuna jicho lenye bushi, kuna rodi yenye uzi na nati, kuna pini iliyokingama yenye matundu mawili ya bolti. Juu na chini vinaweza kutofautiana. Pima kipenyo cha bolti inayopita kwenye jicho na upana wa bushi. Bushi yenye tundu kubwa kidogo kuliko bolti itagonga tangu siku ya kwanza, na fundi atakayekuambia atajaza nafasi kwa washa (vipete vya chuma) anakuandalia kelele.

Kwa mbele, pima pia unene wa bomba na nafasi iliyopo hadi shafti na mkono wa juu. Shokapu nene za kazi nzito zinavutia machoni, lakini kwenye fo-wili nafasi hiyo ni finyu. Zungusha usukani mwisho hadi mwisho ukiwa umeinama chini na uone kwa macho yako.

Hatua ya 7: Aina ya ndani

Shokapu karibu zote za leo zina oili. Tofauti ni gesi imewekwaje. Za mabomba mawili zina bomba moja ndani ya jingine, na gesi ya nitrojeni yenye shinikizo dogo, au hewa ya kawaida tu. Ni laini, zinavumilia kupigwa na jiwe kwa nje, na mwendo wake ni mrefu ukilinganisha na urefu wake. Udhaifu wake ni joto: kwenye barabara ndefu ya mawimbi oili huchanganyika na gesi, ikatoa povu, na gari likaanza kuelea.

Za bomba moja zina gesi yenye shinikizo kubwa, iliyotengwa na oili kwa pistoni inayoelea. Zinapoa haraka na hazitoi povu kirahisi. Lakini bomba likibonyezwa na jiwe, pistoni inakwama. Tena, kwa kuwa gesi imepangwa juu ya oili katika bomba lile lile, huwa ndefu zaidi zikibanwa; rudi kwenye namba zako za hatua ya 5 kabla ya kuzipenda. KYB, kwa mfano, hutengeneza zote mbili: Excel-G ni ya mabomba mawili, Gas-a-Just ni ya bomba moja.

Kwa maoni yangu, veni inayotembea lami na vumbi kwa mzigo wa wastani inafaa za mabomba mawili zenye gesi. Veni nzito muda wote, inayokaa saa nyingi kwenye barabara mbovu, inastahili za bomba moja, mradi urefu unakubali.

Hatua ya 8: Ugumu

Ugumu ulingane na springi. Springi ikiwa nzito inarudi kwa nguvu zaidi, hivyo inahitaji shokapu yenye ukinzani zaidi wakati wa kunyooka. Ukiweka shokapu ngumu kwenye springi laini, kwenye barabara ya mawimbi gurudumu halipati muda wa kurudi chini kabla ya wimbi linalofuata. Gari linazidi kushuka kidogo kidogo mpaka linakaa juu ya mpira wa kugotea, na dereva analaumu springi.

Springi za kiwandani na mzigo wa kawaida: chukua ugumu wa kiwandani. Umeongeza springi: chukua zilizopangwa kwa springi hizo. Kama mzigo wako hubadilika sana, zile zenye kirekebisho zina maana, lakini uliza kinabadilisha nini, maana nyingi hurekebisha kunyooka tu.

Hatua ya 9: Kabla ya kulipa

Nunua jozi kwa kila ekseli, kamwe si moja. Linganisha namba ya spea kwenye boksi na ile iliyopigwa kwenye bomba. Tazama uchomeleaji wa jicho: uwe sawa na umezunguka kote. Rodi iwe inang'aa bila mkwaruzo hata mmoja. Feki nyingi hujifichua kwa kuwa nyepesi, kwa hiyo ukiwa na ya asili ya aina ile ile, pima kila moja mkononi.

Mitumba achana nayo. Kuibana kwa mikono dukani kunaonyesha tu kama imekufa kabisa. Hakuonyeshi itakavyokuwa oili ikipata moto.

Hatua ya 10: Unapofunga

- Za mabomba mawili zisimamishe wima, uzibane na kuzinyoosha mara nne au tano mpaka ukinzani uwe sawa njia nzima. Zisifungwe kichwa chini miguu juu isipokuwa mtengenezaji ameruhusu.
- Ya gesi hujinyoosha yenyewe ukikata mkanda wake. Weka uso mbali.
- Usishike rodi kwa koleo ili kukaza nati. Alama moja ya meno inachana sili ndani ya muda mfupi.
- Usikate, usitoboe wala kuchoma kwa gesi shokapu ya zamani. Ndani kuna shinikizo.
- Bushi za jicho zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Ukikaza gurudumu likining'inia, mpira unabaki umejipinda na utachanika.

Paka grisi kidogo kwenye uso wa mpira wa kugotea, kisha endesha gari siku chache kwenye njia zako za kawaida. Grisi ikiwa imehamia upande wa pili, unajua gari limefika mwisho. Mara moja moja ni sawa. Likifika huko kila siku, springi au mzigo viangaliwe upya.

Ukiona shida baada ya kufunga

*Inagonga kwenye vishimo vidogo.* Mara nyingi ni nati ya juu haijakaza au bushi si saizi yake. Shika shokapu uitikise. Isicheze hata kidogo.

*Mshindo mmoja mzito unapotoka kwenye tuta.* Shokapu ni fupi na inafika mwisho wa kunyooka, au tosheni baa imekazwa mno. Pima tena mahali mkono unapokaa.

*Gari limekuwa gumu kuliko ulivyotarajia.* Pima upepo wa tairi kwanza. Ukiwa sawa, huenda ugumu ni wa gari lililojaa na wewe unatembea tupu.

*Bado linayumba kwenye kona.* Angalia linki na bushi za stebilaiza (fito inayozuia gari lisilale upande kwenye kona), kisha mzigo uliofungwa juu ya paa.

*Usukani unatetemeka bado.* Tairi zilizokwisha kuliwa vilima na mabonde hazirudi kuwa duara kwa shokapu mpya. Balansi ikishindwa, zibadilishe.

*Oili imeonekana mapema.* Futa, endesha, utazame tena. Kukiwa na utando tu, acha. Ikitiririka, kagua rodi kama ina mkwaruzo na mabano kama yako kwenye mstari mmoja. Shokapu iliyofungwa kwa kupinda inakula sili upande mmoja, na mpya nyingine itakufa vile vile mpaka bano linyooshwe.